Wacha Kusingizia Jua

Februari iliyopita nilikuwa kwa kinyozi Kawangware. Stima zikapotea. Msee mmoja alikuwa amenyolewa nusu kichwa, mashine ikazima, ikabidi aketi tu hapo na kitambaa shingoni akingoja. Ndani ya kile kibanda cha mabati joto lilikuwa la kukausha koo. Akajipangusa jasho akasema, "Hii jua ya siku hizi si ile ya kitambo. Hii imeongezwa." Kinyozi akasema hata mamake husema hivyo. Na mimi, kwa sababu lazima niseme kitu, nikadai kuna mahali nimesoma kwamba ni kweli.

Manze, sikuwa nimesoma mahali popote.

Nilifika keja nikajiskia vibaya. Kila wiki mimi huwaambia hapa msimeze kila kitu mnachoambiwa, halafu mimi mwenyewe nadanganya watu nikinyolewa. Ndio nikaanza kutafuta. Swali ni rahisi: jua limeongezeka ama halijaongezeka? Lakini ukiuliza hivyo lazima uulize pia nani alipima, na alipimia wapi. Hilo la "wapi" ndilo lilinimaliza. Lilinitoa Kawangware likanipeleka Ufaransa, Namibia, baharini kule Ngomeni, halafu likanirudisha Dagoretti Corner, mahali napita na mathree karibu kila siku.

Twende polepole.

Walioshuka njiani

Shida ya kupima jua ukiwa umesimama chini ni hewa. Mwanga unapotoka juu kuja kwetu unapita kwenye hewa, vumbi, mvuke na mawingu, na kila mmoja anachukua chake. Ni kama usimame mwisho wa gari za 46 hapa Kawangware, uhesabu watu wanaoshuka, halafu useme hao ndio waliopanda Tao. Na walioshuka Hurlingham na Yaya je? Wewe hukuwaona.

Wa kwanza kujaribu hesabu hii vizuri ni Mfaransa aliyeitwa Claude Pouillet, mwaka wa 1838. Alikuwa na chombo chenye maji na kipima joto, anakielekeza kwa jua, anaangalia maji yamepata joto kiasi gani. Kisha akakadiria ile sehemu iliyoliwa na hewa. Ukibadilisha jibu lake kuwa vipimo vya leo, ni kama wati 1,228 kwa kila mita mraba. Shika hiyo namba, tutairudia.

Mwaka wa 1881 Mmarekani Samuel Langley akasema kama hewa ndiyo shida, basi tupande. Akabeba vifaa mpaka Mlima Whitney kule California, mlima wa zaidi ya mita 4,400, na chombo alichobuni mwenyewe kinachoweza kusikia joto dogo sana. Chombo kilikuwa kikali kuliko cha Pouillet. Lakini hesabu ya kurudisha ile sehemu ya hewa ilimpotosha, akatoka na jibu lililozidi la kweli kwa zaidi ya mara moja na nusu. Mwenye maji na kipima joto alikuwa amekaribia kuliko yeye. Kifaa ghali hakikuokoi kama hesabu yako imekaa vibaya.

Halafu kuna Charles Greeley Abbot wa taasisi ya Smithsonian. Huyu mzee alipima jua karibu maisha yake yote. Alitaka milima mikavu, isiyo na mawingu, pande zote za dunia, na Afrika ikaingia kwenye orodha. Kuanzia 1926 watu wake waliishi juu ya Mlima Brukkaros, kusini mwa nchi tunayoita leo Namibia, jangwani kabisa, wakipima jua siku baada ya siku. Baadaye, miaka ya 1930, wakaweka kituo kingine Sinai, Misri.

Abbot aliamini jua linapanda na kushuka nguvu mara kwa mara, na kwamba ukijua mpigo wake unaweza kutabiri mvua. Wastani aliopata haukuwa mbaya. Lakini yale mabadiliko aliyokuwa akiyaona, mengi yake yalikuwa ya hewa, si ya jua. Alifariki mwaka wa 1973 akiwa na miaka 101. Miaka yote hiyo alikuwa anaangalia pazia likitikisika, akidhani ni taa inayopepesuka.

Kwa hivyo yule msee wa nusu kichwa asicheke wala asichekwe. Kosa lake limewahi kufanywa na profesa mwenye pesa, milima na karne nzima ya kuishi.

Kikopo cheusi juu ya hewa

Jibu lilipatikana tu pale watu walipoacha kupanda milima wakaanza kupanda roketi. Oktoba 1978 Marekani ilirusha setilaiti ya Nimbus-7, na Novemba mwaka huo ikaanza kupima jua kutoka juu ya hewa. Tangu hapo, kupitia setilaiti moja baada ya nyingine, mtu amekuwa akiangalia.

Kifaa chenyewe si uchawi. Fikiria kikopo chenye tundu dogo, ndani kimepakwa rangi nyeusi ili mwanga ukiingia usitoke. Mwanga unakipasha joto. Halafu kifuniko kinafungwa, jua linakatwa, na umeme unapitishwa kwenye waya mpaka kikopo kirudi kwenye joto lilelile. Umeme huo unaweza kuupima vizuri sana. Kama umetumia kiasi fulani cha umeme kufanya kazi ya jua, basi jua lilikuwa linaleta kiasi hicho hicho. Yaani wanalinganisha jua na koili ya kupikia.

Februari 1980 ikafuata setilaiti nyingine ya Marekani iliyokuwa na kazi moja tu, kuchunguza jua. Hiyo ndiyo ilionyesha wazi kwamba jua kweli hubadilika, lakini kidogo. Doa kubwa jeusi likipita usoni mwake, nguvu inashuka kwa siku chache kisha inarudi. Na katika mzunguko wake wa miaka kama 11, tofauti kati ya kilele na chini ni karibu asilimia 0.1. Sehemu moja kwa elfu. Kinachoshangaza ni kwamba jua huwa na nguvu zaidi wakati lina madoa mengi, kwa sababu madoa huja pamoja na sehemu zinazong'aa ambazo hufidia na kuzidi.

Sehemu moja kwa elfu, wasee. Abbot hangeweza kuiona hiyo kutoka Brukkaros hata angeishi miaka 200. Vumbi la jangwa peke yake lingeifunika.

Pale Ngomeni

Sasa story inarudi nyumbani, na hii sehemu sikufundishwa shule.

Ukitoka Malindi ukielekea kaskazini unafika Ngomeni, kijiji cha wavuvi. Baharini mbele yake kuna majukwaa yenye miguu ya chuma, yamesimama majini tangu miaka ya 1960. Yaliwekwa na Waitaliano chini ya mhandisi Luigi Broglio. Jukwaa la kurushia linaitwa San Marco, la kuongozea kazi linaitwa Santa Rita. Kati ya 1967 na 1988, setilaiti 9 ziliruka kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani zinazoitwa Scout.

Kwa nini hapa kwetu? Ikweta. Dunia inajizungusha, na kwenye ikweta mwendo wake ni kama kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi ikiruka kuelekea huko inapata hiyo mbio ya bure. Na mashariki ya Ngomeni ni maji matupu, kwa hivyo vipande vya roketi vikianguka havimwangukii mtu.

Maarufu zaidi kati ya hizo 9 iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa hasa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei angani, na kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Hiyo wengine wenu mmeiskia. Ile ya mwisho ndiyo wachache wanaijua.

Tarehe 25 Machi 1988, San Marco 5 iliruka kutoka Ngomeni. Ndani yake kulikuwa na chombo kilichotengenezwa na Wajerumani cha kupima sehemu moja ya mwanga wa jua: miale ya urujuanimno, ile mikali kabisa, mbali kuliko ile inayochoma ngozi. Miale hiyo humezwa yote na hewa ya juu sana. Hakuna hata tone linalofika chini. Unaweza kupanda Mlima Kenya, Kilimanjaro, hata Everest, huwezi kuipima. Lazima utoke juu ya hewa.

Na hiyo sehemu ina tabia tofauti kabisa. Ni kipande kidogo sana cha nguvu yote ya jua, lakini katika ule mzunguko wa miaka 11 inaweza kupanda mara mbili na zaidi. Ikipanda inapasha joto hewa ya juu, hewa inatanuka, na setilaiti zinazopita chini zinaanza kuvutwa kama mtu anayekimbia ndani ya maji. San Marco 5 ilibeba pia kifaa cha kupima mvuto huo wa hewa. Jua lilikuwa linapanda kuelekea kilele, na kufikia Desemba mwaka huohuo wa 1988 setilaiti ilikuwa imeshavutwa chini ikaungua. Ilikufa kwa kitu kilekile ilichotumwa kupima.

Sasa ona vile hizi vitu mbili zinakaa pamoja. Sehemu ya jua inayobadilika sana haifiki kwa kichwa cha mtu Kawangware. Sehemu inayofika, haibadiliki sana. Ukijua hizo mbili, ushajua kwa nini maneno ya pale kwa kinyozi hayasimami.

Lakini wacha niseme pia kinachoniuma. Roketi ilikuwa ya Marekani, setilaiti ya Italia, chombo cha Ujerumani. Bahari ndiyo ilikuwa yetu, na ikweta, na jina Uhuru. Baada ya San Marco 5 hakuna setilaiti nyingine iliyoruka kutoka pale. Taifa-1, setilaiti yetu ya kuangalia ardhi, iliruka Aprili 2023 kutoka California. Nilifurahi sana siku hiyo, usinielewe vibaya. Lakini tulivuka dunia nzima kwenda kuomba lifti, na nyumbani tuna stage ambayo wengine walikuja kupandia.

Namba yenyewe

Mpaka miaka ya 2000 setilaiti zilikuwa zinasema wati kama 1,366 kwa kila mita mraba. Vitabu vikaandika hivyo. Januari 2003 ikarushwa setilaiti ya SORCE, na chombo chake kikasema hapana, ni kama 1,361. Watu wakabishana kwa miaka. Mwishowe wakapeleka vifaa maabara wakakuta kwamba kwenye vile vya zamani, mpangilio wa matundu ulikuwa unaruhusu mwanga wa ziada kupenya na kuhesabiwa. Mwaka wa 2011 hiyo ya 1,361 ikakubalika.

Kuna mtu atasema hapo, "Si unaona, hata wao hawajui." Tulia. Mizani ya mama mboga ikizidisha gramu 50 kila siku, bei yako itakuwa na makosa, lakini bado utajua kama nyanya za leo ni nyingi kuliko za jana. Kosa lilikuwa lilelile kila siku. Swali letu si jua ni wati ngapi kamili. Swali letu ni kama linaongezeka. Na hapo jibu ni wazi: tangu 1978 linapanda na kushuka na ule mzunguko wake, lakini halina mwendo wa kupanda. Wakati huohuo, dunia imepata joto karibu digrii moja ya Selsiasi.

Kuna ushahidi mwingine naupenda. Kama jua ndilo lingekuwa limeongezwa, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Kilichopimwa ni hewa ya chini kupata joto na ile ya juu, kilomita 20, 30, 40 kwenda juu, kupoa. Hiyo ni alama ya gesi kama kaboni dioksidi, zinazozuia joto la chini lisitoke. Mtu hajaongeza moto jikoni. Ameongeza blanketi.

Na pasi tisa juu ya kitanda chako

Kwa hivyo yule jamaa alikosea? Kuhusu jua, ndiyo. Kuhusu joto, hapana. Na hapa lazima turudi kwa lile swali la "wapi".

Makao makuu ya Idara ya Hali ya Anga yako Dagoretti Corner, pale Ngong Road. Kawangware upande huu, Kibera upande ule. Joto la Nairobi unalosikia kwenye habari hupimwa katika vituo kama hicho: kipima joto kiko kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye upenyo wa hewa, kimesimama juu ya nyasi. Hawajakosea, ndivyo inavyofanywa dunia nzima ili vituo vilinganishwe. Lakini wewe hulali kwenye kisanduku cheupe juu ya nyasi.

Msimu wa joto wa 2015 kuingia 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakishirikiana na Wakenya walitundika vipima joto vidogo Kibera, Mathare na Mukuru. Matokeo yalichapishwa 2017. Mitaani kulikuwa na joto zaidi ya kituo cha Dagoretti kwa digrii kadhaa. Na Kibera ni hapo tu, unatembea kwa miguu.

Fanya hesabu na mimi. Juu ya hewa ni wati 1,361. Saa sita mchana bila wingu, zinazofika chini ni kama 1,000 kwa kila mita mraba, na Machi na Septemba jua la Nairobi linasimama karibu wima kabisa. Nyumba ya kumi kwa kumi ina paa la mita mraba 9 na kitu. Hizo ni wati 9,000 na zaidi, sawa na pasi tisa za wati 1,000 zikiwa zimewashwa juu ya kitanda chako. Mabati mapya yanayong'aa hurudisha sehemu yake. Mabati yenye kutu hula zaidi, halafu yanakurushia chini.

Nyanya ya rafiki yangu, Mnubi wa Makina, aliniambia jina Kibra kwa Kinubi ni msitu. Anasema walipokuwa watoto kulikuwa na miti na baridi. Nilimwambia, kwa kiherehere changu, kwamba jua halijabadilika tangu 1978. Akaniangalia. "Mimi nimesema jua?" Akaendelea na chai yake.

Alikuwa sawa kuliko sisi wote pale kwa kinyozi. Jua ni lile. Kivuli ndicho kimeenda.

Naona hii ni muhimu kwa sababu ya kitu kimoja. Ukisema ni jua, umemaliza mjadala. Hakuna wa kuulizwa, maana huwezi kumshtaki jua. Lakini ukisema ni gesi za viwanda na magari ya nchi zilizotajirika, kuna mtu wa kuulizwa. Ukisema ni mabati bila dari, nyumba bila dirisha, mtaa bila mti, basi landlord anaulizwa, kaunti inaulizwa, na hata sisi tunaweza kuanza na mkebe wa rangi nyeupe juu ya paa.

Nilirudi kwa kinyozi wiki iliyopita nikamkiri kwamba nilidanganya. Nikampa pia hesabu moja. Mita mraba moja ya paneli ya sola, saa sita kwenye jua kali, inatoa kama wati 200. Mashine yake ya kunyolea haifiki wati 20. Siku ile tulikuwa tumekaa gizani tukitukana jua, na kichwa cha msee nusu, na juu ya mabati kulikuwa na nguvu ya kunyoa mtaa mzima.

Alicheka, halafu akauliza paneli ni pesa ngapi. Tunaenda kuulizia bei Jumamosi.